Viinitete vikitupwa kimya, vikitafitiwa kelele

Kwa Mhariri,

Mjadala wa kutumia viinitete vya binadamu, yaani mayai yaliyotungwa yakaanza kukua, katika utafiti wa tiba ukizuka hapa Kenya, watu hukimbilia Katiba. Kifungu cha 26(2) kinasema maisha ya mtu huanza mimba inapotungwa, basi kwisha maneno. Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia katika kliniki ya uzazi jijini Nairobi, na naomba nafasi nieleze kwa nini maneno hayajaisha.

Mama anayetafuta mtoto kwa njia ya IVF, yaani mayai kutungishwa maabarani, hudungwa sindano za homoni siku kumi hivi, ili ovari zikomaze mayai mengi kwa mpigo. Tuseme yamevunwa mayai kumi na mawili. Huenda manane yakatunga, na matano tu yakafika siku ya tano. Kiinitete kimoja au viwili hurudishwa tumboni. Vilivyobaki hugandishwa katika mapipa ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na wenyewe hulipia hifadhi mwaka hadi mwaka. Mtoto akishapatikana, au pesa zikikatika, au ndoa ikivunjika, simu hazipokelewi tena. Mwishowe viinitete hutolewa kwenye pipa, vikaachwa viyeyuke, vikaenda na taka za hospitali. Nimelishuhudia hilo kwa macho yangu. Sikuwahi kumwona askofu wala shehe akija kuuliza, wala wakili akikimbilia mahakamani na Kifungu cha 26 mkononi.

Kifungu hicho kilizaliwa katika malumbano ya uavyaji mimba kabla ya kura ya maoni ya Agosti 2010. Ikiwa kweli kinafika mpaka kwenye kisahani cha maabara, basi kliniki za IVF zimekuwa zikiivunja Katiba kila mwaka, na sisi wauguzi tungestahili kushtakiwa wa kwanza. Ikiwa hakifiki huko, kisigeuzwe rungu la kumpiga mtafiti peke yake. Siwaelewi wanaonyamazia kutupa kisha wakapiga marufuku kujifunza, wakasema wanatetea uhai.

Tena IVF yenyewe ni zao la utafiti huohuo. Mwanasayansi Robert Edwards wa Cambridge alitungisha mayai ya binadamu maabarani mwaka 1969, miaka tisa kabla ya Louise Brown kuzaliwa Oldham, Uingereza, Julai 1978. Kati ya miaka hiyo viinitete vingi viliishia kwenye visahani, na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilimnyima fedha. Tuzo ya Nobel alikuja kupewa 2010. Kila mtoto wa IVF aliyebatizwa Nyeri au kufanyiwa akika Malindi amepitia mlango uliofunguliwa na viinitete hivyo, na sijasikia mzazi akiukana mlango huo baada ya kupita.

Kwetu Pwani, na kule Nyanza na Magharibi, selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, si habari ya vitabuni. Nimewahi kumshika mtoto wa miaka minne anayelia maumivu ya mifupa usiku kucha, mama yake naye akilia pembeni kwa sababu huyo ni wa pili. Mwaka 1999 madaktari wa New York walitangaza kuzaliwa kwa mapacha wasio na selimundu, wa wazazi ambao wote wawili walibeba jeni yake. Viinitete vilikuwa vimepimwa kabla ya kurudishwa tumboni. Ujuzi wa kupima seli moja ya kiinitete haukushuka kutoka mbinguni. Ulitokana na utafiti uliofanywa London miaka ya themanini.

Sisemi kila kitu kiruhusiwe. Uingereza iliwahi kukaa chini na kulijadili jambo hili kwa subira. Kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock ilipendekeza mwaka 1984 kwamba kiinitete kisiachwe kukua maabarani zaidi ya siku 14, na sheria ikafuata 1990. Karibu na siku ya 15 ndipo mstari wa kwanza unapojitokeza, ule unaoonyesha mgongo utakaa wapi. Kabla ya hapo kiinitete kimoja bado kinaweza kugawanyika kikawa pacha, na hakina hata chembe ya neva. Namba hiyo ni ya makubaliano, kila mtu anajua. Mwaka 2016 maabara za Cambridge na New York zilivikuza mpaka karibu siku ya 13 zikaacha kwa sababu ya kanuni, na tangu 2021 chama cha kimataifa cha watafiti wa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine za seli, hakiihesabu tena siku ya 14 kuwa mwiko kabisa. Mimi ningeishikilia. Mpaka unaosogezwa kila sayansi inapoukaribia si mpaka.

Kuhusu dini, Kanisa Katoliki linafundisha kwamba mtu aheshimiwe tangu kutungwa mimba, na msimamo huo nauheshimu, kwa kuwa angalau wao wanaikataa IVF yenyewe pia. Hawasemi mbili. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi huhesabu siku 120 kabla ya roho kupulizwa. Mwaka 2003 Baraza la Fiqhi la Makka, la wanazuoni wa sheria za Kiislamu, liliruhusu viinitete vilivyobaki baada ya matibabu vitumike kupata seli shina, na mwaka huohuo Taasisi ya Royan ya Tehran ikapata za kwake. Anayesema dini zote zimekataa hajauliza.

Wapo pia wanaosema viinitete havihitajiki tena, tangu Shinya Yamanaka wa Japani aonyeshe mwaka 2006, kwa seli za panya, kwamba seli ya kawaida inaweza kurudishwa kuwa seli shina. Ni kweli, na imepunguza haja. Lakini seli ya ngozi haitakwambia kwa nini mimba ya wiki ya kwanza inaharibika.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni saini. Pale nilipofanya kazi, fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kadhaa, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na visanduku vinne: kuhifadhi, kutupa, kumpa mwingine, utafiti. Ililetwa asubuhi ya kuvuna mayai, mama ameshavaa gauni la hospitali, hajala tangu jana. Mume mmoja aliuliza, "Hii ya utafiti ni utafiti gani?" Karani akamjibu, "Ni ya kawaida tu mzee, weka tiki." Akaweka. Mimi nilikuwa nashika trei ya sindano.

Korea Kusini ilionja matunda ya uzembe wa namna hiyo. Mwanasayansi Hwang Woo-suk alitangaza 2004 na 2005 kwamba amepata seli shina kutoka viinitete alivyovitengeneza kwa kunakili seli za mtu, yaani cloning. Ikabainika ni uongo, na makala zake zikafutwa Januari 2006. Uongo ule ulitumia mayai zaidi ya 2,000 ya wanawake zaidi ya 100. Baadhi yao walilipwa, na wawili walikuwa watafiti wadogo wa maabara yake mwenyewe. Nani angemkatalia bosi? Hapa kwetu magazeti yameandika mara kadhaa kuhusu wasichana wa vyuo wanaouza mayai ili walipe karo. Mtafiti mwenye fedha akiingia katika soko hilo bila sheria, sijui nani atamzuia.

Miswada ya teknolojia ya uzazi wa kusaidiwa imezungushwa bungeni tangu muongo uliopita, na kliniki hazikuisubiri. Wanaoishika kalamu waandike wazi kwamba viinitete vilivyobaki vinaweza kutafitiwa, mwisho siku 14, na kwamba ni marufuku kutengeneza kiinitete kwa ajili ya utafiti tu au kununua yai kwa kazi hiyo. Ridhaa iombwe baada ya matibabu kumalizika, si asubuhi ya upasuaji, na mwombaji asiwe daktari anayemtibu mama huyo. Fomu iwe ya Kiswahili, ielezwe kwa mdomo, na mtu awe huru kubadili nia mpaka siku kiinitete kinapotolewa kwenye pipa. Na kliniki itakayoshindwa kusema ina viinitete vingapi na ni vya nani, ifungwe.

Muuguzi mstaafu,
Kisauni, Mombasa