Barua ya Kufunga Muhula: Watoto Wetu Waliougua Kifua Kikuu

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Leo tunafunga muhula. Kila mwanafunzi amepewa ripoti yake. Isomeni, mtie saini, irudi siku ya kufungua. Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo moja.

Wapo watoto shuleni wanaotumia dawa za TB, na wapo waliokwisha kupona. Majina sitayataja, nanyi msiyatafute. Kinachowaumiza sasa ni kikombe cha uji. Mtoto anakuja na chake, kimefungwa kamba kwenye begi, kwa sababu wenzake wameambiwa nyumbani wasichangie naye.

TB haiambukizwi kwa kikombe, kijiko, nguo wala kushikana mikono. Huenea kwa hewa, mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa, hasa chumba kikiwa kimefungwa. Akitumia dawa sahihi kwa wiki mbili hivi, kwa kawaida haambukizi tena, ingawa dozi huendelea, kwa wengi miezi 6. (TB sugu, yaani isiyosikia dawa za kawaida, ina utaratibu wake; fuateni kauli ya kliniki.) Watoto wadogo ni nadra kuambukiza wenzao. Mara nyingi wao ndio walioambukizwa na mtu mzima, kwa hiyo wakubwa wa nyumba hiyo nao wapimwe.

Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Wenzake wakiuona chooni husema anakojoa damu, na kicheko hicho kina madhara makubwa: mtoto huanza kuficha vidonge au kuvitema, dozi inakatika, vimelea vinapata usugu. Mwelezeni mapema kwamba rangi ni ya dawa na itakwisha. Ila macho yakiwa ya manjano, au akitapika na kukataa chakula, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mtoto aliyetengwa mara nyingi hasemi kwamba ana huzuni. Tumbo humuuma kila asubuhi ya shule. Anakojoa kitandani ilhali alishaacha. Anaacha mpira alioupenda. Msimchape, wala msimwambie "umeshapona, unalia nini?" Muulizeni nani anamsema, na kwa maneno gani, kisha mje kwa mwalimu wa ushauri na unasihi. Hali ikifika wiki mbili, aonwe na mhudumu wa afya. Akitamka kwamba anatamani kufa, msimwache peke yake hata kidogo, nendeni hospitali. Simu ya watoto ni 116, bila malipo.

Likizo hii, kikombe chake kirudi kabatini pamoja na vya wengine, na ale sinia moja na ndugu zake. Muhula ujao wote watakunywa uji kwa vikombe vya shule, vinavyooshwa kwa sabuni, na mtoto atakayekataa kukaa na mwenzake aliyeugua TB tutamwita pamoja na mzazi wake.

Mnaosafiri na mtoto aliye kwenye dozi, piteni kliniki kabla ya kupanda basi. Chukueni vidonge vya siku zote za safari, na kadi yake ya matibabu msiisahau.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu