Idi imerudi kwenye kaskazi, tupike kwa saa

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wenzangu wa jikoni, wanawake na wanaume, kuhusu chakula cha sikukuu. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Wete, Pemba. Nimepika harusi, hitima na maulidi tangu nina miaka kumi na tisa, na sasa nina wajukuu.

Iko hesabu ambayo wengi wetu hatujaitia akilini. Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Kuanzia 2015 hadi 2018 Idi el Fitri tulisali Julai na Juni, katikati ya kipupwe. Asubuhi mtu anajifunika kanga ya pili, na pilau iliyopikwa alfajiri mara nyingi watu waliila jioni wasione neno. Wasichana wengi waliojifunza kupika miaka hiyo wanaijua Idi ya namna hiyo tu. Mwaka 2025 tulisali mwishoni mwa Machi. Ya 2026 na ya 2027 ni Machi tena, kisha itaingia Februari, kisha Januari. Tumo ndani ya joto la kaskazi, na tutakuwamo kwa miaka kadhaa.

Mara ya mwisho ilikuwa hivi miaka ya tisini. Mwaka 1997, kwa mfano, Idi ilikuwa Februari. Nyumbani hatukuwa na friji. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga umefika Pemba mwaka 2010, na kabla ya hapo tulitegemea majenereta, umeme wa kuja na kuondoka. Marehemu mama alilisha ukoo mzima katika joto lile na sikumbuki mtu kuumwa tumbo. Alichokuwa nacho ni saa ya ukutani na makaa.

Mimi niliyemwona akifanya, nikasahau. Idi ile ya 2025 nilipika nyumbani kwangu kilo kumi za mchele. Nilitaka nipate nafasi ya kwenda kusali, basi saa 12 asubuhi pilau ilikuwa imeshaiva. Nikaiepua, nikafunika, nikaondoka. Wageni walikuja mmoja mmoja, tukala saa 8 mchana. Sufuria ilikuwa vuguvugu tu, ile ya kutia mkono bila kuungua. Harufu nzuri, ladha nzuri, nyama laini. Kabla ya Magharibi watoto saba walikuwa wanatapika, na mdogo wao, mjukuu wangu wa miaka mitatu, alikuwa amelegea mikononi kama kitambaa kilichorowa.

Hospitali daktari hakuniuliza habari ya nyama. Aliniuliza, "Mama, wali ulipikwa saa ngapi?" Nilipomjibu akanyamaza kidogo, kisha akanieleza. Mchele mbichi una vijidudu ambavyo vingine havifi kwa kuchemshwa. Vinajikunja kama mbegu na kungoja. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi vinaamka, vinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali moto mpaka utoe moshi. Kwa hiyo ule msemo wetu wa "pasha tu, hauna neno" haufai kwa wali uliokaa. Watoto walipona, alhamdulillahi. Mimi ile sauti ya "saa ngapi" bado ninayo masikioni.

Basi hivi ndivyo mama alivyokuwa akifanya, na ndivyo nimerudi kufanya. Alfajiri anakaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia, anatia thomu, tangawizi, bizari nzima, mdalasini, iliki, pilipili manga na karafuu zetu chache, anatia nyama na maji, anaiacha ichemke. Viazi vinafuata. Kisha anapunguza makaa, na ile supu inabaki inatokota polepole, kifuniko kikitikisika, muda wote watu wako kwenye swala na kwenye kupeana mikono. Haiepuliwi. Mchele umeshachaguliwa, uko kwenye ungo, mkavu. Unaoshwa na kutiwa saa 5 na nusu, si kabla. Maji yakikauka anapalia: makaa mekundu juu ya kifuniko, machache chini. Saa 7, watu wakitoka kusali Adhuhuri, sufuria inafunguliwa na mvuke unakupiga usoni. Hiyo ndiyo pilau ya kaskazi. Mpishi haibiwi swala yake wala wageni hawangoji, maana kazi kubwa imekwisha asubuhi na wali wenyewe ni wa saa moja na nusu tu.

Biriani ni rahisi zaidi, maana rojo na wali ni vyungu viwili. Rojo likae motoni, wali upikwe mwisho.

Chakula cha kupelekea ndugu Konde au Micheweni kipakuliwe cha kwanza, kiondoke kingali moto. Kinachobaki kisikae zaidi ya saa mbili. Usikiingize kwenye friji ndani ya sufuria yake, kwa sababu katikati kitabaki na joto mpaka usiku. Kitandaze kwenye sinia, unene wa vidole viwili, kipoe haraka, kisha ndiyo kiingie. Wataalamu wa afya wanasema chakula kilichopikwa kikae ama juu ya nyuzi 60 za joto ama chini ya nyuzi 5. Hapo katikati ndipo penye hatari, na katika kaskazi jiko letu liko hapo katikati mchana kutwa. Friji ikijaa, mpe jirani mapema. Si aibu, ni sikukuu.

Sasa mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi, maana nao unawasumbua wengi. Mchele ukiroweka usiku kucha kwenye joto hili, maji yanachacha. Roweka ndani ya friji, au badilisha maji kabla ya kulala. Hamira punguza nusu. Katika kipupwe naacha unga uumuke saa moja na nusu, ila Machi dakika arubaini zinatosha, na lazima nisimame karibu. Dalili ni vipovu vidogo vinavyopasuka juu kwa sauti ndogo, kama mvua ya mbali juu ya bati. Ukisubiri vipovu viwe vikubwa, mkate utatoka na matundu na harufu ya hamira, na watu watasema nazi imeharibika kumbe nazi haina kosa.

Ukishaiva, tafadhali usiufunike kwa plastiki. Mkate moto hutoa jasho, plastiki inalirudisha, na kufika jioni juu kumeshafanya utelezi. Tunazo kawa, vifuniko vyetu vya kusuka. Mama alikuwa nayo moja ya ukili wenye mistari myekundu, juu ina kishungi, na ilikuwa inatundikwa ukutani baada ya kuoshwa na kuanikwa. Kawa inazuia nzi na inapitisha pumzi. Sokoni zimekuwa chache kwa sababu hatuzinunui, na mafundi wake ni mama zetu wa vijijini. Lakini nisieleweke vibaya: kawa ni ya mkate, mandazi, visheti na kaimati. Wali wa asubuhi hauokolewi na kawa.

Sikukuu ya pili wengi tunarudi kwenye samaki. Jodari na vibua wanunuliwe wakiwa kwenye barafu. Samaki wa namna hii akikaa juani ndipo anapowasha ulimi na kufanya mwili utoke mabaka, na kumpika hakuondoi kitu. Na friza yenye nafasi ijazwe chupa za maji mapema, umeme ukikatika baridi itadumu. Juisi ya ukwaju ya kuuzia watoto viwanjani, pale Tibirinzi na kwengineko, itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, na barafu yake vile vile.

Kumi la mwisho la Ramadhani, Mungu akituweka, nitakuwa barazani kwangu kila siku baada ya Alasiri. Msichana au kijana yeyote wa Wete anayetaka kujifunza kupalia, aje na kibaba cha mchele wake. Makaa ninayo.

Wasalaam,

Mpishi wa shughuli,
Wete, Pemba