Taa zipishe magari ya wagonjwa, na tuanzie Faya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wasomaji wako wanaopita Barabara ya Morogoro wamelizoea mno, yaani gari la wagonjwa lililowasha king'ora huku limesimama mbele ya taa nyekundu. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa sehemu ya kazi yangu imekuwa kuwasindikiza wagonjwa wa rufaa kutoka kituo kimoja cha afya cha pembezoni mwa Dar es Salaam kwenda Muhimbili. Ninachoomba ni kwamba jiji letu lifunge mitambo ya kielektroniki inayozifanya taa zilipishe gari la dharura, na kwamba kazi hiyo ianzie kwenye makutano ya Faya, katika Barabara hiyo ya Morogoro, kabla ya kusambazwa kwingine.

Jioni moja mwaka jana tulikuwa na mama aliyekuwa anatokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Dereva wetu aliingia njia ya mabasi ya mwendokasi pale Kimara, na mpaka tunashuka Jangwani hatukuwa na cha kulalamikia. Faya tukakuta nyekundu, na askari wa usalama barabarani aliyekuwa pale alikuwa ametupa mgongo akiruhusu magari ya upande wa Upanga. Dereva alisogeza pua ya gari, bodaboda ikapita mbele ya bampa kwa kasi, akafunga breki hata sanduku la dawa likaniangukia miguuni. Nilikuwa nimeshika mkono wa mgonjwa nikimhesabia mapigo kwa saa yangu. Nilimaliza dakika ya kwanza, nikaanza ya pili, na bado hatukuwa tumesogea. Mama yule tulimfikisha akiwa hai, lakini dakika zile hazikuwa na sababu yoyote ya kitabibu. Zilikuwa ni za taa tu.

Watu wengi nikiwaeleza jambo hili hunijibu kwamba tatizo la Dar es Salaam ni foleni na wala si taa, na kwa barabara nyingi wako sahihi kabisa. Foleni ikipewa kijani haiondoki yote kwa pamoja. Gari la kwanza likishaondoka, kila linalofuata huchukua kama sekunde mbili, kwa hiyo magari 40 yaliyopangana kwenye njia moja huhitaji takriban sekunde 80 mpaka la mwisho livuke, tena iwapo mbele kuko wazi. Ambulensi inayokwenda kilomita 40 kwa saa hukata karibu mita 890 katika muda huo, maana yake taa ingepaswa kupewa taarifa gari likiwa bado mbali karibu kilomita nzima. Na mbele kukiwa kumefungana, kama tunavyopaona Buguruni au Mwenge nyakati za jioni, kijani hicho hakitasogeza hata gari moja. Mtu akishauri tununue mitambo ya kufunga kila makutano ya jiji kwa mkupuo, nami nitasimama upande wa wanaopinga.

Barabara ya Morogoro ni tofauti. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kazi mwaka 2016, katikati ya barabara hiyo kuna njia isiyo na foleni, ambayo madereva wetu wa dharura huitumia. Humo ndani gari la wagonjwa hufika hadi kwenye mstari wa taa bila kizuizi, na kinachobaki kulizuia ni taa yenyewe pamoja na magari yanayokatiza. Mahali ambapo taa ndiyo kizuizi pekee ndipo mtambo wa kuibadilisha unapolipa.

Faya, hata hivyo, ina mtego ambao fundi asiyepajua anaweza kuukosa. Njia ya mwendokasi ipo katikati, na anayetoka Kimara kwenda Muhimbili anatakiwa akate kushoto kuingia Barabara ya Umoja wa Mataifa. Dereva wetu kwa hiyo analazimika kukatisha mbele ya magari ya kawaida yanayokwenda sambamba naye kuelekea Posta. Mtambo ukifungwa kwa namna ya kawaida, yaani utoe kijani kwa upande wote ambulensi inakotokea, utakuwa unayafungulia magari yaleyale yatakayotugonga ubavuni. Pale inahitajika zamu maalumu ambayo pande zote zinapata nyekundu isipokuwa njia ya mwendokasi peke yake. Wanaovuka kwa miguu kwenda kituo cha basi nao wasikatishwe katikati ya barabara: kivuko cha mita 12, kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde ambao wahandisi wengi huutumia kukadiria, ni sekunde 10, na ukiongeza njano na muda mfupi wa nyekundu zote unapata kama sekunde 15. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, gari hupita zaidi ya mita 160 ndani ya sekunde hizo. Taa za Faya zinapaswa basi kupata habari zetu tukiwa bado Jangwani.

Teknolojia yenyewe si ngeni duniani. Kampuni ya 3M ya Minnesota, Marekani, ilibuni zaidi ya nusu karne iliyopita mfumo ambao taa ndogo juu ya gari humemeta kwa kasi maalumu, na kipokezi kilicho juu ya nguzo kikiutambua mmemeto huo hukiamuru kisanduku cha kuendeshea taa kibadilishe zamu. Baadaye ikaja mitambo inayotumia GPS ya setilaiti na redio, ambayo gari hueleza lilipo na linakoelekea, na hiyo ndiyo ingetufaa kwa sababu haihitaji kuonana ana kwa ana na nguzo. Ipo pia inayosikiliza sauti ya king'ora. Hiyo ya mwisho siipendekezi kamwe katika jiji ambalo ving'ora huuzwa dukani na magari ya harusi hupiga kila kinachopigika. Jumamosi jioni taa zetu zingekuwa zinapisha mabwana harusi.

Utani kando, suala la nani anaruhusiwa ni zito. Vifaa vya kubadilisha taa vilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, Marekani ililazimika mwaka 2005 kutunga sheria ya shirikisho ya kuwazuia wasiohusika. Sisi tusisubiri mpaka tufike huko. Kila gari litakalofungiwa kifaa liwe na namba yake ya siri, mtambo utunze kumbukumbu ya kila ombi la kupishwa, na kumbukumbu hizo zilinganishwe na daftari la safari la hospitali au la zimamoto. Najua pia swali litakaloulizwa ndani ya vikao, hata kama halitaandikwa kwenye muhtasari: je, misafara ya viongozi nayo itafungiwa? Jibu langu ni hapana. Msafara una pikipiki zake na askari wake waliotangulia barabarani tangu asubuhi, ilhali sisi mle ndani tuko wawili, dereva na muuguzi, na mikono ya muuguzi ina kazi.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji wa mitambo hawatalitaja kwa kuwa kwao halipo. Hapa kwetu nyakati za msongamano trafiki huziacha taa ziwake zinavyotaka, akaongoza kwa mkono, na madereva humfuata yeye. Gari la wagonjwa likipata kijani huku askari ameruhusu upande mwingine, barabara itakuwa na wakubwa wawili na ajali moja. Marekani mitambo hii huambatana na taa ndogo nyeupe kwenye nguzo, inayowaka kuonyesha kwamba gari la dharura limeshatambuliwa. Taa kama hiyo ingefungwa Faya mahali ambapo askari ataiona hata akiwa ametupa mgongo, na ikiwaka aelewe kwamba zamu si yake tena. Simlaumu askari aliyekuwepo jioni ile. Kwenye kelele zile hata mimi nisingejua king'ora kinatokea wapi.

Tena si lazima tuanze na setilaiti. Jina la Faya limetokana na kituo cha zimamoto kilichopo pale pale. Kitufe kimoja ndani ya kituo hicho, kikiunganishwa kwa waya na kisanduku cha taa, kingewawezesha askari wa zimamoto kujifungulia njia kabla gari halijatoka getini, na kazi yake si ngumu kuliko ya kengele ya mlango. Betri ya akiba iwekwe pamoja nacho, kwa sababu umeme ukikatika taa zote huwa giza. Waya huo ungewafundisha mafundi wetu mengi kuhusu zamu za taa za pale, kabla hatujaingia gharama ya vifaa vya kufunga kwenye magari.

Wahusika si wengi kiasi cha kushindwa kukaa meza moja: wakala wa barabara TANROADS, Kikosi cha Usalama Barabarani, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wakala wa mabasi ya mwendokasi, na hospitali zinazotuma na kupokea wagonjwa. Ninaomba wawaite na madereva wa ambulensi, kwa maana wao ndio wanaojua dereva wa daladala akiona king'ora hukimbilia upande gani. Na siku ya kuujaribu mtambo, gari lipelekwe tupu saa kumi na moja jioni siku ya Ijumaa, askari akiwa kazini na abiria wakiwa wanavuka. Alfajiri ya Jumapili hata sasa tunapita bila shida.

Wako,
Muuguzi,
Kimara, Dar es Salaam