Kaliba ya kati na nyati: tumkumbuke anayefuata damu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ambao wawindaji hawaishi kuuzungumza, yaani kama risasi ya kaliba (upana wa risasi) ya kati inatosha kumwangusha mnyama mkubwa. Nimefuata nyayo katika vitalu vya uwindaji vya kusini mwa Mto Rufiji kwa miaka 23, na kazi hiyo humweka mtu mbele ya bunduki, hivyo swali hili nalitazama kutoka upande ambao wengi wanaolijadili hawajawahi kusimama.

Kwa kongoni, pundamilia, palahala au tandala, sina ugomvi na mtu. Bunduki ya .30-06 (kaliba ya inchi 0.30 hivi), yenye risasi ya gramu 11 au 12, inatosha kabisa mradi risasi imeundwa vizuri na imeingia nyuma ya bega. Ugomvi wangu unaanzia kwa nyati.

Wanaotetea risasi ndogo hawakosi kumtaja Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, na aliyeua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, alitumia risasi ngumu isiyopanuka inapogonga mfupa, na kuwinda ndiko kulikokuwa maisha yake mwaka hadi mwaka. Mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege juzi, mwenye siku chache tu za kumpata nyati wake, hawezi kujipima kwa mtu huyo.

Iko pia bunduki ya 9.3x62 (kaliba ya milimita 9.3), iliyobuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa katika makoloni ya Afrika, nchi yetu ikiwemo. Hurusha risasi ya gramu 18.5 kwa mwendo wa mita 720 hivi kwa sekunde, ilhali .375 (kwa inchi) ya kampuni ya Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912, hurusha ya gramu 19.4 kwa mita 770 hivi. Upana wa risasi hizo mbili umepishana kwa sehemu mbili za kumi za milimita, na sidhani kama tofauti hiyo ingemwokoa nyati aliyepigwa mahali panapostahili. Hata hivyo naunga mkono sheria yetu inayotaka .375 kuwa kiwango cha chini kwa nyati na tembo, kwa sababu mpaka ukisogezwa kwa ajili ya bunduki nzuri, wa pili kubisha hodi atakuwa mwenye .30-06.

Huyo nilikwisha kumwona. Mgeni mmoja aliiacha .375 yake kambini, akabeba .30-06 kwa kuwa asubuhi ile tulikuwa tukitafuta pundamilia. Tulipokutana na nyati dume peke yake kando ya matete, hakuweza kujizuia. Damu ya mapafu huwa nyekundu ya mpauko yenye povu, na ukiiona unajua mnyama hayuko mbali. Sisi tulikuta matone machache meusi, kisha majani makavu. Tulimfuata tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, tusijue kwamba alikuwa amezunguka na kutusubiri kando ya nyayo zake mwenyewe. Alimtokea mwenzangu aliyekuwa hatua nne kuliani kwangu, mkononi ana panga tu. Mwindaji bingwa aliyekuwa akimwongoza mgeni alimwangusha nyati kwa bunduki kubwa ya .458 akiwa tayari juu ya mwenzangu, ambaye hadi leo hawezi kuinua mkono wa kushoto kupita bega. Tulipomchuna tuliikuta risasi ya kwanza imegota kwenye mfupa wa bega, imebapa kama kofia ya uyoga, na mapafu hayana hata mkwaruzo. Laiti tungempoteza siku ile, angekutana naye mama wa kijijini anayetafuta kuni.

Wapo wanaosema bunduki kubwa hupiga teke hadi mtu akaiogopa na kukosa shabaha, na hoja hiyo ina uzito, kwani nimewaona wanaofumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Dawa yake ni mazoezi. Kambini mgeni hujaribu bunduki akiwa ameketi mezani, mtutu umeegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, jambo ambalo halina mfano porini. Naomba wenye vitalu wamtake kila anayemtaka nyati apige risasi tatu akiwa amesimama, kwa fimbo za kulengea, umbali wa mita 50, kwa bunduki ileile atakayoibeba, na atakayeshindwa aendelee na kongoni mpaka atakapoweza.

Mfuata nyayo mstaafu,
Rufiji