Machozi ya Iroh si ya jenerali aliyeshindwa

Mhariri,

Vijana wengi hapa Ujiji wanafuatilia katuni ya Kimarekani iitwayo Avatar: The Last Airbender, na nimewasikia wakidai kwamba mzee Iroh, jenerali wa zamani na mlezi na mshauri wa kijana Zuko, mtoto wa ndugu yake, analia chini ya mti kwa aibu ya kushindwa kuuteka mji wa Ba Sing Se. Naomba nafasi nipinge tafsiri hiyo.

Iroh aliuzingira mji huo kwa siku 600, akaacha vita baada ya mwanawe, Lu Ten, kuuawa. Anaporudi humo akiwa mkimbizi, hali ambayo sisi wa Kigoma hatuhitaji kuelezwa uzito wake, anashinda akiwafaa watu wa mji uleule: anamwimbia mtoto anayelia wimbo wa askari kijana anayerejea nyumbani, na anamnywesha chai kibaka aliyetaka kumpora. Jioni anapanda kilimani, anaweka picha ya mwanawe chini ya mti, anamtakia heri ya siku ya kuzaliwa, kisha anauimba wimbo uleule wa mchana, safari hii sauti ikikatika kwa sababu askari wake hakurejea. Hapo hakuna hesabu ya ushindi. Kuna mzazi anayewapa watoto wa adui zake wa jana kile asichoweza tena kumpa wake, na ndipo unapoelewa uvumilivu wake mkubwa kwa Zuko.

Sehemu hiyo, iliyorushwa mwaka 2006, ina maandishi ya kumuenzi Mako, mwigizaji wa sauti ya Iroh, aliyefariki mwaka huohuo. Watengenezaji wenyewe waliichukua kuwa ni maombolezo.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma