Risala ya Klabu ya Historia na Utamaduni kwa Mgeni Rasmi: Matembezi ya Bujora

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu, mwangaluka!

Kwa niaba ya wanachama wa klabu yetu, tunakukaribisha kwa mikono miwili shuleni kwetu, hapa jijini Mwanza. Tunajua una majukumu mengi, na kwa kukubali kuja kwako tunasema asante sana. Tunaomba tukupeleke kwanza Bujora, kilima cha Kisesa chenye kanisa na makumbusho ya Wasukuma, maana ombi letu la leo limetoka huko.

Tulipanda daladala za Kisesa asubuhi, kwa barabara ya Musoma. Tulipofika Igoma mwalimu wetu alituomba tunyamaze kidogo kwa ajili ya ndugu zetu waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama, wakazikwa pale mwaka 1996. Wakati ule hatukuwa tumezaliwa, lakini majumbani kwetu jina la meli ile bado hutajwa kwa sauti ya chini. Kisesa, kama kilometa 20 kutoka mjini, tulishuka tukakipanda kilima kwa miguu, katikati ya mawe makubwa yale yale yaliyoipa Mwanza sifa yake.

Mgeni rasmi, juu ya kilima kile kuna kanisa ambalo hatujaona mfano wake. Lilijengwa na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyefika Bujora miaka ya 1950, naye akalijenga kwa kufuata nyumba ya Kisukuma. Altare imefuata umbo la kiti cha mtemi, yaani chifu wa Kisukuma. Tabernakulo, mahali inapotunzwa Ekaristi, ni kanyumba ka msonge, na hapo zipo ngao na mikuki, ishara kwamba mtemi mwenyewe yumo ndani. Tulisimama mbele yake kwa muda mrefu. Mwenzetu mmoja, ambaye ni Mwislamu, ndiye aliyetangulia kuelewa, akasema taratibu, "Kumbe wanatuambia mwenye nyumba yupo." Tuliwafikiria bibi zetu, ambao wangeingia mle wakajua wapige magoti wapi bila kufundishwa na mtu.

Kutoka kanisani ni hatua chache tu hadi kwenye makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa mwaka 1968. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake kuna ngoma za watemi. Mwaka 1963 serikali ilikuwa imefuta mamlaka ya machifu nchini, na ngoma za namna hii zikabaki bila kazi. Tulizikaribia tukaona vigingi vya mbao vinavyoibana ngozi, na mahali ambapo ngozi imelainika kwa kupigwa na mikono ya watu tusiowajua. Tunaamini kwa dhati kwamba zisingekusanywa wakati ule, nyingi zingeliwa na mchwa. Tuliona pia nyumba ya mfua chuma na ya mganga wa jadi, zote katika eneo lile lile ambalo kengele ya misa husikika.

Jambo hili limetugusa kuliko yote. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa ngoma ni ya kale na sala ni ya sasa, na kwamba mtu achague moja. Bujora hawakuchagua. Kila mwaka, mnamo mwezi Juni, sikukuu ya Ekaristi huendana na Bulabo, sherehe ya ngoma za Kisukuma, na Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji ngoma, hushindana kucheza. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu yake. Wapo wanaocheza na chatu, wapo wa bugobogobo, ngoma ya wakulima, wanaorusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Na asubuhi watu wale wale walikuwa kwenye maandamano ya Ekaristi.

Mgeni rasmi, klabu yetu ina changamoto. Wanachama wengi hawazungumzi Kisukuma, na nauli tunachanga wenyewe, hivyo wasio na uwezo hubaki. Hatuna kinasa sauti, tunaandika kwenye madaftari. Siku ile mzee mmoja pale Kisesa alikubali kutuimbia wimbo wa kulimia. Aliimba beti mbili huku tukiandika mbio mbio, akafika ya tatu akanyamaza. Akatuambia anayeijua ni dada yake, yuko Magu, na kwamba amekuwa mtu mzima sana. Daftari letu lina nafasi tupu chini ya beti ya pili hadi leo.

Kwa heshima kubwa tunakuomba mambo mawili: utusaidie kupata kinasa sauti, na utuunge mkono kwa usafiri wa klabu nzima, pamoja na wale wasio na nauli, kwenda Magu kabla ya likizo ya Juni. Mzee ameahidi kutupeleka mwenyewe kwa dada yake.

Tunaomba kuwasilisha.