Usiiache karakana bado

Ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako niliipata juzi usiku, nikaisoma mara mbili. Unasema umechoka na michoro, unataka kuacha kazi mwezi ujao ujifungie na vitabu vya GMAT, ule mtihani wa udahili, ili mwakani uwe umeshaingia shule ya biashara. Nafasi hiyo natamani uipate kama nilivyotamani yangu, ndiyo maana nakusihi: usiache kazi. Hujamaliza kuvuna kilichomo humo.

Mimi niliomba mara ya kwanza nikiwa na miaka miwili tu kazini. Alama za mtihani zilikuwa nzuri, na bado nilikataliwa kote. Insha yangu yote ilihusu pampu: jinsi ilivyotetemeka, nilivyoupima mtetemo, nilivyogundua kwamba shafti ya mota na ya pampu hazikukaa kwenye mstari mmoja, na ndiyo maana beringi zilikuwa zikifa kila baada ya wiki chache. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini aliyeisoma kwenye kamati ya udahili, alipofika mwisho, alikuwa ameijua pampu, mimi hakunijua.

Mara ya pili niliandika juu ya pampu ileile. Safari hiyo nilisimulia habari za fundi wa zamu ya usiku aliyekuwa akisema miezi mingi kwamba nati za kitako cha mota zimelegea, na hakuna aliyemsikiliza, nami nikiwa mmoja wao. Nilieleza usiku nilioamua kwenda kukaa naye. Aliushika mkono wangu, akauweka ubavuni mwa pampu, akaniambia, "Sikiliza kwa mkono." Nikasikia. Kesho yake nilimfuata mhasibu nikamuuliza mtambo ukisimama saa moja tunapoteza kiasi gani, kisha nikaingia kwa meneja na hesabu ya fedha, grafu zangu nikaziacha mezani. Hakutaka kabisa kusimamisha uzalishaji. Tulibishana siku tatu, akakubali, na jina la yule fundi likawa la kwanza kwenye ripoti. Biashara niliyokuwa nikiitafuta nje ilikuwepo palepale karakanani, kwenye fedha na kwenye kumsikiliza mtu.

Wewe una miaka mitatu kazini. Kwenye shule kubwa za Marekani, wengi wanaoingia MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, wana kama miaka mitano hivi ya kazi. Ungekuwa bado mwaka wa mwisho chuoni ningekuambia utazame mpango wa Harvard uitwao 2+2, ambapo mtu anaomba akiwa mwanafunzi kisha anafanya kazi angalau miaka miwili kabla ya kuanza. Huo umeshatupita. Lakini miaka miwili zaidi hapo ulipo haikuchelewishi hata kidogo, mradi usiitumie kuchora tu. Omba mradi wenye bajeti. Omba kusimamia watu, hata wawili. Kaa na watu wa manunuzi ujue kwa nini mabomba yanachelewa kufika.

Mtihani usikutie hofu, wala usikuachishe kazi. GMAT ya sasa ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, alama zinaanzia 205 hadi 805, na matokeo yanadumu miaka mitano. Fanya mapema, alama zikikuridhisha ziweke. Hesabu utaziweza, muda wako mwingi upe sehemu ya lugha, maana sisi wahandisi huwa tunaidharau. Na usidhani alama ya juu ya hesabu itakutofautisha na wengine: wahandisi wanaoomba ni wengi, na wengi wao wanazo.

Kuna jambo moja naona hukulifikiria. Kwa kawaida shule hutaka barua mbili za mapendekezo, na nyingi hupendelea moja itoke kwa anayekusimamia sasa. Ukishaondoka, nani atakuandikia? Mimi bosi wangu nilimpa siku tatu tu. Akaandika kwamba mimi ni mchapakazi na mwaminifu, basi. Mara ya pili nilimpa miezi miwili, tukakaa tukakumbushana yaliyotokea, hata pale nilipokosea na jinsi nilivyosahihisha. Barua ile ilikuwa na uhai.

Kuhusu shule, usichague kwa jina peke yake. INSEAD, shule ya biashara ya kule Ufaransa, humaliza MBA kwa miezi 10, inamfaa anayejua anakokwenda. MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, wana programu ya LGO (Leaders for Global Operations), ya miaka miwili, unatoka na MBA pamoja na shahada ya uzamili ya uhandisi, na kati yake unakaa miezi sita ndani ya kampuni ukitatua tatizo lao halisi. Nikikutazama wewe unavyopenda viwanda, naona hapo ndipo pako. Duru ya kwanza ya maombi katika shule nyingi hufungwa Septemba, ya pili mwanzoni mwa Januari. Zote mbili za mwaka huu ziache zipite.

Jambo la mwisho. Katika kurasa nne za barua yako, umeandika mstari mmoja tu kuhusu wale vijana wapya uliokuwa ukiwafundisha kusoma michoro kila baada ya zamu, bila kutumwa na mtu. Umelitaja na kulipita kana kwamba si kitu. Niandikie hilo kwa urefu: nani alianza kukuuliza, alikosea nini kwenye mchoro, ulimwambia nini, na yuko wapi leo. Niletee kabla ya mwisho wa mwezi. Insha yako tutaianzia hapo.

Wako daima